Daftari Liko Mikononi mwa Nani?

Hotuba kwa wafanyabiashara wa soko, vyama vya akiba na wanafunzi wa biashara, Kisumu

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama mliofunga vibanda mapema ili mfike hapa, vijana wa bodaboda, na ninyi wanafunzi wangu mlioketi kule nyuma, hamjambo. Nashukuru kwa kunialika.

Mmeniomba nizungumzie teknolojia ya habari na jinsi inavyogusa biashara, kazi na maisha yetu kama jamii. Mimi ni mwalimu wa uhasibu, na mwalimu wa uhasibu huliendea kila jambo kwa mlango wa kumbukumbu: nani ameandika, ameandika nini, na jioni daftari linalala kwa nani. Huo ndio mlango nitakaopitia leo, kwa sababu naamini kwamba katika mengi yaliyobadilika tangu simu ziingie mikononi mwetu, lililo kubwa kuliko yote, na ambalo husemwa kidogo kuliko yote, ni kwamba daftari la biashara zetu limehama.

Mama yangu aliuza omena, dagaa wa ziwa letu, katika soko la Kibuye kwa zaidi ya miaka 20. Daftari lake lilikuwa la shule, la kurasa 96, lililofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili upepo usilifunue. Kushoto aliandika majina ya wateja, si yale ya kitambulisho bali yale ya sokoni: Nyar Ugenya, Mama Kibanda cha Kona, Mwalimu wa Viatu. Kulia aliandika gorogoro, yaani makopo ya kupimia, walizochukua na shilingi walizobakiza. Deni likilipwa alilipiga mstari, akiikandamiza kalamu hata ukurasa wa chini ukapata alama. Sisi watoto tulijua hali ya nyumba kwa kupapasa kurasa hizo kwa kidole.

Daftari hilo ndilo lililokuwa benki ya wanawake wengi wa mtaa wetu. Aliyenyimwa omena za mkopo alijua amenyimwa na nani, alijua sababu, na alijua pia nyumba ya kwenda kujieleza. Jioni moja mwanamke alisimama mlangoni petu akaeleza kwamba mtoto wake alikuwa amelazwa wiki mbili. Mama alifungua ukurasa, akatazama tarehe, akasema, "Kweli, ulianza kukawia wakati ule ule." Siku ya pili akampimia gorogoro mbili. Naomba mlikumbuke tukio hilo, maana nitalirudia.

Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, huduma ya kutuma na kupokea fedha kwa simu. Wenye umri wangu wanakumbuka tulivyokuwa tukituma fedha kabla ya hapo: anayefanya kazi Nairobi alimkabidhi dereva wa basi bahasha, kisha akakaa siku mbili bila kujua kama imefika Kisumu, Siaya au haikufika kabisa. Watafiti Tavneet Suri na William Jack, waliozifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa, walichapisha mwaka 2016 katika jarida la Science makadirio kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 katika umaskini uliokithiri, yaani asilimia 2 hivi ya kaya zote nchini, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo wakaingia katika biashara. Jambo lenyewe halina uchawi. Mtu anapopatwa na ugonjwa au msiba na ndugu wa mbali akaweza kumtumia shilingi 1,000 saa hiyo hiyo, hauzi mbuzi wake kwa bei ya hasara wala hagusi mtaji wake, na biashara inasalia.

Habari za bei nazo zina nguvu yake. Mtafiti Robert Jensen alichunguza wavuvi wa dagaa katika jimbo la Kerala, India, kati ya 1997 na 2001, wakati minara ya simu ilipokuwa ikijengwa pwani kwa awamu. Kabla ya simu, mtumbwi ulitia nanga palipojaa samaki na samaki wakatupwa, ilhali ufuo wa jirani wanunuzi walirudi mikono mitupu. Baada ya simu, mvuvi alipiga akiwa bado majini akauliza wapi wanahitaji. Utupaji wa samaki ukakoma karibu kabisa, faida ya mvuvi ikapanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Mvuvi wa ufuo wa Dunga, hapa kwetu, hahitaji kusomewa utafiti huo, kwa kuwa ndivyo anavyofanya. Lakini anajua pia jambo ambalo mwito wa simu hauliondoi: aliyekopeshwa nyavu na mashine ya mtumbwi na mchuuzi hampelekei mwingine samaki wake, hata akijua kwamba pale pengine bei ni nzuri zaidi. Deni huifunga habari mdomo, na ndiyo maana kila ninapozungumzia teknolojia najikuta nimerudi kwenye deni.

Sasa tazameni kilichotokea baada ya malipo kuingia kwenye simu. Kila mama alipolipwa shilingi kwa M-Pesa, kampuni iliandika mstari ambao zamani angeuandika yeye mwenyewe. Mwaka baada ya mwaka mistari hiyo ilikusanyika, na mwishowe ikawa na thamani kuliko omena zenyewe. Novemba 2012 ilikuja M-Shwari, mkopo unaotolewa kwa kutazama mwenendo wa mtu katika simu yake, bila dhamana, bila kusimama katika ukumbi wa benki ukipimwa kwa macho kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, inayokuruhusu kulipa zaidi ya ulichonacho. Mwanamke ambaye hakuna benki iliyowahi kumjua kwa jina anaweza kukopa saa tisa za usiku, akafika ufuoni kabla ya mitumbwi. Hilo ni jambo kubwa, na simdharau yeyote aliyelipokea kwa mikono miwili.

Ila niruhusuni nifanye hesabu moja hadharani, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. M-Shwari ilipoanza, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa shilingi 2,000 unalipa ada ya 150, na macho yanaiona kuwa ndogo. Ukiurudia mkopo huo kila mwezi, baada ya miezi 12 umelipa ada ya shilingi 1,800, yaani umekaribia kuununua mtaji wako upya. Mfanyabiashara anayekopa mara moja kwa dharura na yule ambaye mtaji wake wote ni mkopo unaozunguka hawamo katika biashara moja, hata wakiketi kwenye kibanda kimoja.

Lakini si ada inayonisumbua zaidi. Kinachonisumbua ni kwamba mlango wa kujieleza umefungwa. Mnajua ujumbe unavyokuja: kikomo chako cha mkopo kimebadilishwa. Jana kilikuwa shilingi 5,000, leo ni 600. Ni nani aliyekipunguza? Ni hesabu iliyofanywa na programu. Kwa sababu gani? Hakuna anayekwambia. Utamweleza nani kwamba mtoto alilazwa wiki mbili? Yule mwanamke wa mlangoni petu leo hana mlango.

Mwaka 2019 nilipigiwa simu nikiwa darasani, na kwa kuwa nambari ilijirudia mara nne nilitoka nje nikapokea. Sauti ya kijana nisiyemjua ilinitaja kwa jina langu kamili, ikaniambia kwamba dada yangu ni mwizi, na kwamba nisipomshurutisha alipe shilingi 3,400 watawapigia watu wote walio kwenye simu yake. Walikuwa wameshaanza. Walikuwa wamempigia mchungaji wake, mwenye nyumba wake, na mweka hazina wa chama chake. Dada yangu alikuwa amepakua programu ya mikopo, akabonyeza "kubali" kama sote tunavyobonyeza, na kwa mguso huo orodha yake yote ya majina ikahamia kwa watu wasiojulikana ofisi yao iko wapi. Deni lililipwa jioni hiyo hiyo. Chamani hakurudi. Alikuwa amekaa humo miaka saba.

Nimesimulia hilo kwa sababu si la dada yangu peke yake, na kwa sababu tangu siku ile sheria imesogea, nanyi mnapaswa kuijua sheria hiyo kama mnavyojua bei ya gorogoro. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika Novemba mwaka huo, inakupa haki ya kuarifiwa data zako zinatumiwaje, kuziona, kusahihisha zilizo na makosa na kudai zisizo za kweli zifutwe. Kifungu chake cha 35 kinagusa hasa lile nililolilalamikia: uamuzi mzito juu yako usiachiwe mashine peke yake, nawe unaweza kutaka uangaliwe upya. Machi 2022 zikaja kanuni za Benki Kuu juu ya wakopeshaji wa kidijitali, zinazowataka wawe na leseni na kuwakataza kuwapigia simu watu walio katika orodha yako ili kukuaibisha. Na sheria hiyo ina meno. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo karibu shilingi milioni 3, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ila meno hayo hayaumi mpaka mtu apeleke malalamiko, na anayeona haya kwa sababu ya deni hapeleki.

Daftari limehama pia upande wa kodi. Tangu Januari 2024, hoteli inayonunua mbuta kutoka kwenu haiwezi kuihesabu gharama hiyo katika kodi yake bila ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi. Baadhi yenu mlipoteza wateja, si kwa kuwa samaki walioza bali kwa kuwa hamkuwa na ankara. Mwishoni mwa mwaka huo sheria ilirekebishwa, mnunuzi akaruhusiwa kumwandalia ankara muuzaji mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 5. Ni nafuu, nami naiunga mkono. Lakini tafakarini: ankara ya samaki wako anaiandika mnunuzi. Akiandika kilo 40 badala ya 50, wewe utamwonyesha nini?

Sasa niseme juu ya kazi, nikiwaelekea zaidi vijana.

Kuna kijana mwenye duka la saiba, yaani la huduma za kompyuta na mtandao, mjini ambaye namheshimu sana kwa uvumilivu wake. Wazee wanamjia na bahasha za kaki, naye anawajazia fomu za mamlaka ya kodi, KRA, za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na za vyeti vya kuzaliwa. Siku moja nikisubiri zamu yangu niliona kando ya kibodi yake daftari, tena la shule, la kurasa 96. Humo alikuwa ameandika majina ya wateja, nambari zao za kitambulisho na maneno yao ya siri, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Wazee husahau, naye aliwahifadhia. Nilimwambia kwa upole kwamba daftari lile likiibwa, mtaa mzima umeibwa. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Sasa mwalimu, wao wataweka wapi?" Sikuwa na jibu zuri siku ile. Serikali ilihamishia huduma zake mtandaoni na mtu asiyesoma skrini akabaki hana pa kusimama ila nyuma ya kiti cha kijana huyu. Kazi yake haina cheo wala mkataba, na mtu hapati cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake bila yeye.

Wengine kati yenu mlijipatia riziki kwa kuandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Sikuwahi kuipenda kazi hiyo na sitajifanya leo. Kazi ambayo jina lako halitakiwi lionekane ni kazi isiyokujengea kesho. Mwaka 2022 Uingereza iliharamisha biashara hiyo kwa sheria, na Novemba mwaka huo huo ikatoka ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika yenyewe, ambayo hailali kamwe wala hailipwi kwa ukurasa. Walioachwa bila kazi hawana barua ya ajira wala ushahidi wa miaka waliyoandika. Wakiombwa waonyeshe walichokifanya, hawana ukurasa mmoja wenye jina lao.

Kuna pia wenzenu Nairobi wanaokagua picha na maandishi ya Facebook, na wengine wanaoziwekea picha alama ili mashine zijifunze kutambua. Hao huandika daftari la wengine siku nzima, wengine wao wakitazama mauaji na ukatili ambao sitautaja mbele ya watoto waliopo hapa. Walipokwenda mahakamani, kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook, ilidai haishtakiki Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba inaweza kushtakiwa hapa. Mkitaka kazi za mtandaoni, na nyingi ni kazi halali, ulizeni kwanza mkataba uko wapi, unaongozwa na sheria ya nchi gani, na nakala yenu iko wapi. Nanyi vijana wa Kondele mnaobeba abiria kupitia programu, wekeni rekodi ya safari na makato yenu. Akaunti ikifungwa asubuhi bila maelezo, historia yenu yote ya kazi inafungwa nayo.

Wala msidhani kwamba sisi ni wa kuandikwa tu. Januari 2008, baada ya uchaguzi, damu ilipokuwa ikimwagika hapa Kisumu na kwingineko, na matangazo ya moja kwa moja yakiwa yamepigwa marufuku, Ory Okolloh na wenzake walianzisha Ushahidi, ambapo mwananchi wa kawaida aliweza kutuma ujumbe mfupi wa simu kueleza kinachotokea mtaani kwake, na taarifa hiyo ikawekwa kwenye ramani. Neno lenyewe ni la kwetu, na chombo hicho baadaye kilitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls walitengeneza programu waliyoiita i-Cut, ili msichana anayekabiliwa na ukeketaji aombe msaada kwa kubonyeza kitufe, wakafika nayo hadi kwenye mashindano ya Technovation, California. Wasichana wa shule, wa mji huu huu, waliketi wakaamua wenyewe nini kiandikwe na kimfikie nani.

Na chama je? Wengi wenu mna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wanachama watatu tofauti. Hakuna afunguaye peke yake. Kila mkutano mweka hazina anasoma kwa sauti: fulani ameweka 500, fulani amelipa 1,200, salio ni kadhaa, na aliye na pingamizi anainua mkono hapo hapo. Nimesoma na kufundisha mifumo mingi ya kompyuta ya kuhifadhi kumbukumbu, na nawaambia kwa moyo wangu wote kwamba sijaona ulio wa haki zaidi ya huo. Sasa vyama vinahamia kwenye simu, na mimi mwenyewe nimesaidia viwili kuhama. Fedha zinakuwa salama zaidi dhidi ya mwizi wa usiku, hilo ni kweli. Lakini katika kimoja cha hivyo viwili, kwa miezi minne hakuna aliyesoma chochote kwa sauti, kwa kuwa "kila kitu kiko kwenye simu ya mweka hazina." Wanachama 22, na simu moja. Mkutano uliofuata tulirudisha usomaji. Ilichukua dakika 15, na ilibainika michango mitatu iliingizwa kwa jina lisilo lake. Hakuna aliyeiba, kidole kilikosea, na hapakuwa na sikio la kusahihisha.

Basi ombi langu kwenu ni la kikazi. Yeyote anayepokea malipo kwa Lipa na M-Pesa ayaandike kila jioni kwa mkono wake, pamoja na yale yaliyorejeshwa, kwa maana mnajua wapo wateja wanaolipa, wakaondoka na samaki, kisha wakapiga simu kudai walituma kwa makosa. Mstari wenye saa na bidhaa aliyochukua ndiyo hoja yako ya kwanza utakapolalamika. Ombeni taarifa ya miamala ya miezi sita kabla ya kuomba mkopo wowote, muisome kabla hajaisoma mkopeshaji. Vyama vilivyohamia simuni viendelee kusoma kwa sauti.

Mezani karibu na mlango wanafunzi wangu wameweka barua za mfano, moja kwa Kiswahili na nyingine kwa Dholuo. Ni barua ya ukurasa mmoja ya kumwomba mkopeshaji akuonyeshe data alizonazo juu yako na akueleze kwa nini kikomo chako kimepunguzwa. Mnajaza jina, nambari ya simu na tarehe, mnatia sahihi, mnabaki na nakala. Wasioandika watasaidiwa, na anayesaidia hataandika neno la siri la mtu yeyote popote. Dada yangu ameketi kwenye meza hiyo; barua ya kwanza kujazwa ilikuwa yake. Tutakuwa hapa hadi saa kumi na mbili.